Gunzi Moja kwa Kila Panya

Penseli inaweza kuua mtu. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu, na nasema mapema, ili mkikumbuka zile karatasi za sifa zilizotundikwa sebuleni kwangu msidhani mnasoma maneno ya mtu mwenye busara nyingi.

Mlipokuja hapa Free Area, Nakuru, mwezi uliopita, nyinyi vijana wa afya ya mitaani, na fulana zenu mpya na simu zenu za kuandikia, mliniuliza maswali mengi ya heshima. Yule msichana mwenye miwani ndiye aliyeuliza la maana. Alisema wanapita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu, ugonjwa ukianza tuambieni mapema, na watu wanaitikia vizuri sana, wanawapa hata chai, halafu hawasemi kitu mpaka mtu awe amezidiwa. Kwa nini? Nikakohoa kidogo nikasema nitafikiria. Huo ulikuwa uongo. Jibu ninalo tangu miaka ya hamsini, ila linaniaibisha, na mtu hupenda kuzeeka na heshima zake.

Basi. Kazi yangu ilikuwa panya. Serikali ilikuwa na jina refu la kazi hiyo, lakini kutoka Njoro hadi Subukia niliitwa Bwana Panya, na hata wasichana niliotaka wanione kijana wa maana waliniita hivyo hivyo. Nilikuwa na baiskeli, bomba la kunyunyizia dawa ya unga, koleo refu, chupa ya mafuta ya taa na debe lenye kifuniko. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Faraji, Mnubi mrefu mkavu ambaye alikuwa amefukuza panya tangu kabla sijazaliwa, na ambaye hakucheka mbele yangu zaidi ya mara mbili.

Mzee Faraji alinifundisha kwamba panya hapiti katikati ya nyumba. Hupita akigusa ukuta kwa sharubu, kwa hiyo mtego huwekwa ubavuni mwa ukuta. Alinifundisha kuchemsha mtego kwa maji matupu, maana ukiuosha kwa sabuni panya watakaa mbali wakikucheka. Chambo kizuri si nyama, ni ukoko wa ugali uliopakwa mafuta. Mambo kama hayo. Lakini kila asubuhi, kabla hatujapanda baiskeli, alirudia moja tu: usimwogope panya anayekimbia, mwogope panya aliyelala.

Panya anayekimbia ni mwizi tu. Panya aliyekufa mwenyewe, bila paka, bila mtego, bila sumu, huyo anakuambia tauni imefika. Panya hufa kwanza, halafu watu. Mwili wake ukianza kupoa, viroboto wake wanahama kutafuta mwili wenye joto, na mwili wenye joto ni wako wewe unayeinama kumwokota. Ndiyo maana humgusi. Unammwagia maji yanayochemka au mafuta ya taa kwanza, halafu koleo, halafu debe. "Kikulacho ki nguoni mwako," Mzee Faraji alikuwa akisema huku akikung'uta suruali yake, na hakuwa anasema mafumbo.

Siku moja kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Subukia, askari aliniamuru nifungue debe langu. Nikamwambia, afande, ni panya. Akasema wote husema hivyo. Nikafungua. Tangu siku hiyo alikuwa akiniona kwa mbali ananipungia mkono nipite, hata kipande, kile kitambulisho, hakuulizia, nami napita nimekaa wima kama mkubwa fulani.

Nacheka sasa. Wakati ule hatukucheka sana. Ulikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya wazungu walikuwa wanapakiwa kwenye malori na kupelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, hata wale waliozaliwa Subukia ambao huko rizavu hawakumjua mtu. Waliobaki walibaki kwa karatasi ya ruhusa. Ukikosa karatasi, huna ruhusa ya kulala hata jikoni kwa mwanao. Mtu akija na daftari akauliza humu mnalala wangapi, hiyo haikuwa salamu.

Mimi niliyajua haya yote. Hapo ndipo aibu yangu inapolala. Niliyajua, na bado nikatoa daftari.

Dada yangu mdogo, Rasoa, alikuwa ameolewa na Njoroge, Mkikuyu mwenye karatasi ya ruhusa, mkamuaji kwenye shamba moja la Subukia. Baba yetu, mtu wa reli pale Nakuru, alinung'unika kidogo kwamba sisi Wamaragoli tunapeleka msichana mbali na kwetu, lakini Njoroge alikuja mara tatu kwa adabu, na mara ya tatu baba akamwita mwanangu. Mwenye shamba tulimwita Kofia Mbili, kwa kuwa alivaa kofia mbili moja juu ya nyingine kuogopa jua. Wafanyakazi walikaa kwenye laini tatu za nyumba za udongo, na nyumba ya Rasoa ilikuwa laini ya tatu, karibu na ghala la mahindi.

Ikasikika kwamba tauni imegonga shamba moja ng'ambo ya bonde. Bwana Afya, mzungu mkubwa wa idara yetu, akatuita ofisini. Alisema hatutangoja ivuke. Tutawatayarisha watu wenyewe, kila shamba, wawe macho yetu. Mpaka hapo alikuwa sawa, na mkiambiwa hivyo hivyo leo ni sawa pia. Utaratibu ndio uliokuwa mbaya. Atakayeona panya aliyekufa amwambie nyapara, nyapara aniambie mimi, mimi niandike jina, nyumba, na hesabu ya wanaolala humo. Mzee Faraji aliguna. Mimi nikanunua daftari jipya.

Jumapili nikafanya baraza kwenye uwanja wa kukamulia. Watu walikuja wote, na mimi nilikuwa kijana, nimechana nywele, dada yangu amesimama pale mbele na mtoto mgongoni. Nikaeleza habari za viroboto vizuri tu. Nikawaambia mficha maradhi kilio humfichua. Nikaona nimesema jambo. Kwa kuwa hakuna aliyepiga makofi, nikaongeza la kwangu ambalo hakuna aliyenituma kulisema: nyumba ambayo haijaandikwa kwenye daftari hili haitapata dawa. Kisha nikalamba penseli, nikaanza kuuliza.

Walijibu mmoja mmoja, taratibu, wakitazama chini. Nilipofika kwa Njoroge aliniambia watatu. Yeye, Rasoa na mtoto. Alisema hivyo akiangalia viatu vyangu. Shemeji yangu, ambaye kila siku tulitaniana mpaka machozi, hakuniangalia usoni. Nikaandika watatu.

Baada ya hapo kila Ijumaa nilikwenda kwa nyapara, na kila Ijumaa alisema hakuna. Nikaandika hakuna. Wiki ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Moyo wangu ukatulia, nikajiona nimefanya kazi. Nikampelekea Mzee Faraji daftari langu safi nikingoja anisifu.

Alifunua kurasa polepole, akarudi nyuma, akafunua tena. Akaniuliza shamba lina maghala mangapi. Nikasema matatu. Akauliza ni ya mahindi? Ya mahindi. Akauliza kama katika maghala matatu ya mahindi, kwa wiki tatu, hakuna hata panya mmoja aliyekufa kwa uzee.  Jasho likaanza kunitoka kwapani, haki ya Mungu, na asubuhi ile ilikuwa na baridi.

"Zakayo," akasema, "hao watu hawajakosa panya. Wamekosa mtu wa kumwambia."

Msichana mwenye miwani, hilo ndilo jibu lako. Ningeweza kuishia hapa, lakini hujajua lilitugharimu nini.

Sikungoja Ijumaa. Nilipanda baiskeli siku ile ile. Rasoa aliniona kwa mbali akatoka kunilaki nje, mbele ya nyumba, na kigoda mkononi. Akakiweka kando ya shamba lake dogo la maharagwe. Akaniletea chai pale pale nje.

Huenda nyinyi hamwoni kitu hapo. Kwetu, ndugu akimtembelea dada yake haketi nje na kikombe kama mchuuzi. Anaingizwa ndani, jikoni, anasongewa ugali, na asipokula inakuwa kesi. Kwanza nilikasirika. Nikajiambia huyu sasa amekuwa mtu wa watu wengine. Halafu nikamwona anavyorudi ndani kuchukua sukari. Alikuwa anachechemea, mguu mmoja anauburuta, na leso ameishika kiunoni kwa mkono kama mtu anayebeba kitu. Nikamuuliza una nini. Akasema mwiba.

Kuku walikuwa wanachakura nyuma ya maharagwe. Nilikuwa nawatazama tu, sina nia, mpaka mmoja akavuta kitu kirefu chembamba kutoka udongoni. Mkia.

Niliwafukuza kuku, nikamwaga mafuta ya taa, nikafukua kwa koleo. Walikuwa saba. Kila mmoja alikuwa amefungwa kwa maganda ya mahindi, vizuri, kama mtu anavyofunga chakula cha safari. Nikageuka. Rasoa alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la sukari.

Nikamuuliza nani amewazika hawa. Akasema ni yeye. Kwa mikono?  Tangu lini?

"Tangu ile baraza yako," akasema.

Nikamshika paji la uso. Alikuwa anawaka moto. Nikamuuliza wapi panauma hasa, akageuza uso, nami nikaelewa kwa nini. Mtoki wa tauni, ule uvimbe, mara nyingi hutokea kwenye kinena, na dada hawezi kumwonyesha ndugu yake mahali hapo, wala mimi nisingeweza kuangalia. Tukasimama pale, watu wawili waliokua kwenye kitanda kimoja, heshima imesimama katikati yetu na mauti nyuma yake. Sikujua nifanye nini. Nawaambia ukweli, nilitaka kulia.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, akatoka bibi kizee ambaye sikuwa nimemwona kwenye shamba hili hata siku moja. Mfupi, masikio yametobolewa yakaning'inia kwa namna ya zamani, blanketi mabegani. Alikuwa mama yake Njoroge. Alikuwa amefukuzwa kwenye shamba moja upande wa Keringet, akalikwepa lori, akatembea siku nyingi mpaka kwa mwanawe, na sasa miezi mitano alikuwa anaishi mle jikoni bila karatasi. Laini nzima ilijua, na laini nzima ilinyamaza. Wote walimwita Shosho, yaani bibi. Njoroge aliponiambia watatu, walikuwa wanne.

Shosho hakunisalimu. Alisema ameuona mwenyewe tangu jana, ni mtoki, ukubwa wa yai. Kisha akaja akaketi chini mbele ya kigoda changu, akaonyesha mfuko wa shati langu, mahali daftari lilipokuwa.

"Niandike," akasema. "Ulisema nyumba isiyoandikwa haipati dawa. Niandike mimi kwanza, halafu umpeleke huyu."

"Usiandike, ndugu yangu," Rasoa akasema kutoka mlangoni. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nimezika panya wote hao ili usiandike."

Mjue basi nilichokuwa nimefanya. Dada yangu aliona panya wa kwanza akajua ni nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha barazani. Alijua ni nani wa kuambiwa, mimi, mtoto wa mama yake. Lakini akiniambia, nitaandika nyumba, nitakuja kukagua, nitamkuta Shosho, na lori litakuja. Kwa hiyo aliokota, akafunga, akazika. Kati yangu na panya wa tauni, aliniogopa mimi zaidi.

Sikuandika. Nilikimbilia ofisi ya shamba, nikamwambia Kofia Mbili nina mgonjwa mmoja na nisipompeleka mjini leo atakuwa na wagonjwa wengi. Kwa wasiwasi wake mwenyewe alitoa pikapu yake. Njiani nilikaa nyuma, Rasoa amelala juu ya magunia, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, habari za maharagwe na mama yetu. Kila tulipopita kwenye shimo aligumia. Nilihesabu zile Ijumaa tatu kwenye vidole vyangu mpaka Nakuru.

Hospitalini walimchoma sindano ya dawa mpya. Daktari akasema angeletwa siku mbili nyuma angekuwa na matumaini, sasa tungoje siku tatu. Nikatoka nje, nikaenda kumtafuta Mzee Faraji, maana kule shambani walikuwa wamebaki watu, na katika nyumba ile walikuwa wamebaki watatu waliolala na viroboto wale wale.

Vidonge vya kinga vilikuwa vinatolewa kwa orodha. Bwana Afya alitaka majina. Bila majina hakuna vidonge, na kwa jina lake Shosho angepata vidonge na lori kwa pamoja. Nilisimama mbele ya meza na penseli yangu. Mzee Faraji akaninyang'anya ile penseli. Akaandika: laini ya tatu, nyumba ya mwisho, watu wanne, mmoja yuko hospitali. Laini yote, watu kadha wa kadha. Akamsukumia Bwana Afya karatasi. Bwana Afya akauliza majina yako wapi.

"Bwana," akasema Mzee Faraji, "kiroboto hajui kusoma."

Yule mzungu aliisoma karatasi tena. Sijui alielewa kiasi gani. Nadhani naye alikuwa na hofu yake, tauni ikiingia mjini wangemuuliza yeye. Akatia sahihi.

Tulirudi Subukia na vidonge na magunia ya dawa ya unga, na watu walivimeza, lakini hawakutuambia lolote. Tulipouliza panya wengine wako wapi walitazama nyapara kwanza, halafu chini. Daftari lilikuwa limekwisha waingia moyoni. Nilikaa jikoni kwa Njoroge nimechoka, na kule hospitalini ilikuwa siku ya pili, hatujaambiwa kitu. Shosho alikuwa anachochea moto kwa magunzi ya mahindi. Nikamwambia, mama, watakufa hawa, na mimi siwezi kuwapeleleza nyumba kwa nyumba.

Akachukua gunzi moja akaligeuzageuza. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, asubuhi watu wote wa shamba hupita wapi? Nikasema jukwaa la maziwa, ambapo mitungi inangoja lori. Wote? Wote, wake kwa waume, kila mtu na mtungi wake. Akasema basi weka pale madebe matatu, moja kwa kila laini. Aliyeona panya amelala atupe gunzi moja kwa kila panya, aende zake. Nani anamwona? Kila mtu amebeba kitu. Nani atamuuliza gunzi umelitoa wapi, kwenye shamba la mahindi? Wewe uje uhesabu, na ukija usiende kwa mtu. Nenda laini yote, pulizia nyumba zote, hata ya nyapara.

Vijana wa siku hizi hamlijui gunzi vizuri. Lilikuwa kuni, lilikuwa kizibo cha mtungi, na kazi yake nyingine ya chooni hamtaki kuisikia. Hakuna aliyekuwa maskini hata akakosa gunzi.

Habari ilipitishwa na wanawake wakichota maji. Mimi sikufanya baraza. Asubuhi ya kwanza nilifika jukwaani mapema. Debe la laini ya kwanza lilikuwa na magunzi manne. La pili, moja. La tatu, kumi na tisa. Nilikaa chini kwenye nyasi zenye umande. Wiki tatu za hakuna, hakuna, na kumbe tulikuwa tumekalia moto.

Tulifanya kazi siku sita. Wanawake walitutangulia, wakitoa blanketi nje, wakifundishana kumwagia panya maji ya moto na kutomgusa. Magunzi yakapanda, yakasimama, yakaanza kushuka. Tulimzika mtu mmoja, mkamuaji wa laini ya kwanza ambaye homa ilikuwa imemshika kabla madebe hayajawekwa. Mkewe alinionyesha baadaye mahali alipokuwa amezika panya wake. Yeye namhesabu kwenye penseli yangu.

Siku ya nne nyapara alikuwa amepeleka maneno kwa Kofia Mbili kwamba watu wanatupa ishara kwenye madebe. Wakati ule ishara ilikuwa neno la kumpeleka mtu jela. Nikaitwa kwenye veranda. Kulikuwa na askari wawili.

"Gunzi yangu nafanya nini kwa debe?" Kofia Mbili akauliza.

Nikaeleza ni hesabu ya panya. Akauliza ni akili ya nani hii. Nikajua mara moja jibu litakwenda wapi. Likisema ni ya Mkikuyu, tutaulizwa yupi. Nikasema ni yangu. Peke yangu. Akavua kofia ya juu, akakuna ya chini, akasema basi endelea, lakini ng'ombe yake ikila gunzi ya panya atanipiga.

Rasoa alirudi kwenye wiki ya tatu. Amekonda, nywele zimemtoka, lakini anatembea. Aliniingiza jikoni, akanipikia ugali, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza wote.

Bwana Afya alipenda yale madebe. Yakapelekwa Njoro, Rongai, mashamba mengi. Nikaitwa, nikapewa ile karatasi ya sifa mliyoiona ukutani, ya kwanza kushoto, inayosema njia hii ilibuniwa na mimi. Nilitabasamu nikapeana mkono. Ningefanya nini? Ningesema si mimi, wangeuliza ni nani.

Mwaka uliofuata lori lilikuja Subukia kukagua, kama lilivyokuja kila mahali, na safari hiyo lilimpata Shosho jikoni. Njoroge alikimbia nyuma yake mpaka barabarani. Hakuna aliyesema nani alitaja. Labda hakuna, labda walikagua tu. Lakini madebe yale yalikuwa yameleta macho mengi kwenye laini ya tatu, wageni wa kuja kuyatazama, na mimi ndiye niliyewaongoza. Nimelala na jambo hilo miaka mingi. Emajensi ilipokwisha Njoroge alikwenda rizavu kumtafuta, akaonyeshwa kaburi.

Nyinyi mlipoondoka hapa siku ile, Rasoa alikuwa amekuja kunitazama. Ni mzee sasa, bado anachechemea kidogo kukiwa na baridi. Alikuwa amewasikia mkinisifu chini ya ile karatasi, na yule msichana akipiga picha. Alinywa chai yake yote kabla ya kusema kitu.

"Uliandika panya wote wa Subukia, Zakayo," akaniambia. "Yeye alikuomba umwandike."

Nikamwambia sikumwandika ili aishi. Akasema anajua, na kwamba sasa hakuna lori.

Kwa hiyo chukueni simu zenu, mwandike. Njia ya magunzi haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama aliyeishi jikoni, laini ya tatu, nyumba ya mwisho, na jina lake lilikuwa Wanjirũ wa Kĩmani.